Moshi wa kwa Mama Wande

Nyie wasichana mlioachiwa mwiko, na wewe kijana mmoja uliyechanganywa nao, someni haya mkiwa mmekaa, siyo mkiwa mnakoroga. Makande yakishika chini hayamsubiri mtu amalize ukurasa.

Mwalimu Tumaini ndiye aliyeniomba niwaandikie kazi ya jiko la shule ilivyokuwa. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi mkikuta nimeandika vibaya, sahihisheni kimya kimya. Mshahara sitautaja kwa sababu hakuna cha kutaja. Vyeo jikoni havipo. Kuna anayekoroga na kuna anayesubiri kukoroga. Nitaandika kazi tu. Mwishoni nitaandika jambo ambalo mpaka leo, nikipita ile njia ya nyuma ya uzio wa shule, nainamisha uso kama mtu aliyeiba kuku. Ningeweza kuliacha. Lakini watoto niliowafundisha mimi sasa ni wa kwenu, na mkiwafundisha kama nilivyowafundisha, mtakosea pale pale nilipokosea.

Nilikuja Mpanda kutoka Kasansa nikiwa nimeolewa. Kwetu tulilima mpunga, na nilijua kupika wali wa watu wa msiba, nikajiona mpishi. Siku ya kwanza jikoni nilivaa kitenge kizuri. Mama Sikujua, aliyekuwa mkubwa wa jiko, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Unakwenda harusini?"

"Nimekuja kazini, mama."

"Umeshapika wapi?"

"Nyumbani. Na kwenye misiba."

"Msibani watu wanalia, hawaonji. Hapa wanaonja. Shika sufuria uoshe."

Sufuria ile ningeweza kulala ndani yake nikajifunika. Niliingia nusu mwili kusugua, nikatoka mweusi mpaka kwenye nyusi, na kitenge changu kikawa cha kuoshea sufuria toka siku ile. Mama Sikujua hakucheka. Alikuwa mtu wa kutocheka, na mimi nikajifunza kwake, ndiyo maana watoto waliniita Bibi Mwiko wakidhani sisikii.

Nilipomaliza kuosha, akanipa kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. "Nenda hapo nyuma kwa Mama Wande, ukaombe moto."

Nilishangaa. Shule ya serikali inaombaje moto? Lakini viberiti havikuwepo, na vikiwepo vilikuwa vimeloa. Nyuma ya shule wakati ule hapakuwa na uzio, palikuwa na majani na kanjia kamoja, na mwisho wa kanjia ndiyo nyumba ya Mama Wande. Ni Mnyamwezi, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinichagulia makaa mawili mazito, akayafunika na majivu, akaniambia, "Tembea upepo ukiwa mgongoni. Na mwambie Sikujua jana makande yalipungua chumvi."

Ndipo nikajua utaratibu. Chakula kikiiva, kabla kengele haijagongwa, bakuli la kwanza lilikwenda kwa Mama Wande. Kwetu Kasansa pia ndivyo tulivyolelewa: ukipikia moto wa mtu, mwenye moto anaonja kabla yako. Wala haikuwa huruma, Mama Wande alikuwa na mahindi yake darini mpaka yanafukuza panya. Ilikuwa adabu. Alionja, akatuma maneno. Chumvi, moshi, maharage magumu. Alitusumbua yule mama. Na siku tusipokwenda kuchukua moto kwake, alikuja mwenyewe kuuliza kama tumegombana.

Mwiko wenu mnaujua. Ule wa kwanza ulikuwa wa mninga, mrefu kama kasia la watu wa Karema, na ulimnyoosha mgongo kila mvivu. Mama Sikujua alinifundisha kukoroga kwa kiuno, siyo kwa mkono. Mkono unachoka, kiuno kimezoea. Alinifundisha kuloweka mahindi tangu jana yake, chumvi niitie maharage yakishalainika, na kuonja kutoka chini, maana juu kila makande ni matamu. Alinifundisha kupakua nikianza na darasa la kwanza. Wakubwa wanajua kusubiri, wadogo wanajua kulia.

Maharage ya shule nayo yana tabia yake, na hili mlishike, kwa sababu litarudi mbele. Hayatoki shamba moja. Kila mtoto analeta ya kwao: huyu ya njano, huyu mekundu, huyu meusi, mwingine ya mwaka juzi yaliyokauka kama kokoto. Ukiyapika pamoja yanaiva kwa kupishana. Mengine yamepondeka, mengine bado yanagonga jino. Hakuna fundi duniani anayeyalazimisha kuiva pamoja. Mtoto akikulalamikia, mwambie atafune.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna mwaka mahindi ya michango yaliingia wadudu mpaka gunia linatembea. Mwalimu mkuu wa wakati ule alisema tupepete tu. Mama Sikujua akamwambia, "Tutapepeta, mwalimu, na sahani ya kwanza tutakuletea ofisini." Mahindi yakarudishwa. Kuna siku mshikio wa sufuria ulikatika tukiwa tumeibeba, uji ukamwagika wote, na watoto wakasimama na vikombe vyao wanatazama ardhi inavyokunywa. Siku ile nililia. Mama Sikujua akaniambia machozi hayana wanga, niteke maji tuanze upya.

Lakini alichonifundisha ambacho nilijivunia kuliko vyote ni pua. Alisimama mlangoni asubuhi watoto wakipita kuchukua uji, akiwanusa. Niliuliza ananusa nini. Akasema, "Sweta. Sweta lenye moshi, kwao wamewasha moto. Lisilo na moshi, kwao jiko limelala baridi. Huyo muongezee, na usimwambie kwa nini."

Nikajifunza. Miaka yangu yote pale nilipakua kwa pua. Mtoto alipita mbele yangu, nikavuta hewa, upawa ukaenda chini zaidi au ukabaki juu. Hakuna mwalimu aliyejua, na watoto walidhani nina mafua. Mama Sikujua alipofariki nikabaki mkubwa wa jiko, na ile pua ndiyo niliyoona kuwa urithi wangu.

Baadaye mambo yakawa mazuri, mnavyoyaona nyie. Tulijengewa jiko banifu linalokula kuni kidogo. Ofisi ikaanza kutununulia viberiti. Kisha ukaja uzio wa matofali, na kale kanjia ka kwa Mama Wande kakazibwa. Nami sikwenda tena kuomba moto, kwa sababu moto ulikuwepo. Na bakuli halikwenda tena. Sikukaa nikaamua lisiende. Lilikwenda kwa sababu ya moto, moto ukawa wetu, likaacha. Tulikutana njiani, maana ukitoka shuleni kwenda kwangu unapita kwake kwanza, tukasalimiana. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa lugha yake, naye akajibu, na akaongeza, "Siku hizi mnapika bila mimi, sijui inalika?" Nikacheka, mimi nisiyecheka.

Mwalimu Tumaini alikuja shuleni kwetu msichana mdogo kabisa, na akaanzisha ile klabu ya watoto ya kusaidia watu. Mnaiona: Ijumaa kila mwenye nacho analeta konzi ya unga au maharage, anamimina kwenye ndoo, na Jumamosi watoto wa klabu wanaipeleka kwenye nyumba moja. Wanateka maji, wanafagia, wanapasua kuni, wanarudi. Nilipoona mara ya kwanza nilisema hawa watachoka wiki ya pili. Hawakuchoka. Shida yao ilikuwa kujua waende wapi. Kwanza walipita wakiuliza nani ana shida. Mtaa mzima ulikuwa na shida. Hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi alijiandikisha.

Mwalimu akaja jikoni. "Bibi, wewe unawajua watu wa hapa. Tufanyeje?"

Nikafuta mikono, nikajiona profesa. Nikawakusanya wale watoto pale penye kuni, nikawaambia, "Msiulize mtu. Mwenye shida kweli hasemi, na anayesema ana shida nyingine. Nyie piteni asubuhi mwangalie moshi. Nyumba isiyofuka moshi siku mbili, siku tatu, hapo ndipo."

Mwenyekiti wao, Baraka, mtoto mwenye maneno kuliko redio, akauliza, "Na kama wana moshi, bibi?"

"Wana moshi, wana chakula. Mpite."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Na ilifanya kazi, msione nawadanganya. Walimkuta mzee mmoja aliyekuwa amelala na homa, hana mtu. Walimkuta mama aliyejifungua ambaye mume hayupo. Watu wakasema watoto wa shule hii wana macho. Siku ninaagwa kwa kustaafu, Mwalimu Tumaini alisimama akasema klabu yao inatembea kwa akili ya Bibi Mwiko, na watoto wakapiga makofi. Nilipewa kanga mbili na ndoo. Nilikwenda nyumbani nimeinua kidevu, na nilipopita kwa Mama Wande nilipunga mkono kama mbunge.

Sasa nyumbani kwangu. Naishi na mwanangu Deusi, ana pikipiki mbili za biashara pale Kashaulili, na mke wake Rozi, na watoto wao. Nilipostaafu Deusi akaniletea jiko la gesi. Akasema, "Mama, umevuta moshi maisha yako yote, pumzika." Sikulipenda. Moto usiotoa moshi wala majivu unakuwa kama mgeni asiyeaga. Lakini linachemsha haraka, na Rozi alifurahi, basi tukapikia hilo. Mafiga ya nje tukayageuza viti vya watoto.

Ikapita mvua, ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa jumuiya asubuhi, sala zilirefuka, nikarudi na njaa. Nikakuta uwanja umefagiwa mistari mizuri, pipa la maji limejaa. Nikamsifu Rozi kimoyomoyo, maana mdomoni simsifu, ataharibika. Akanitengea ugali na maharage. Nikala. Nikatafuna. Hili likapondeka, lile likagonga jino. La njano, jeusi, jekundu.

Nikaweka tonge chini.

"Rozi. Haya maharage umeyatoa wapi?"

"Yameletwa, mama."

"Na nani?"

"Watoto wa shule. Walikuja na ndoo, na unga, na sabuni kipande. Wamefagia, wameteka maji. Wana adabu wale watoto, mama, umewafundisha vizuri."

"Wamekuletea kwa nini?"

"Wamesema wamekuja kusaidia."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema asante. Mgeni akileta kitu nitamrudishaje?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera. Nilikaa na lile tonge mbele yangu. Mimi niliyepakua kwa pua, niliyepigiwa makofi, nilikuwa nimekula mchango wa watoto wenye soksi zilizotoboka, na nilikuwa nimekula vizuri. Nilitaka kutapika, lakini chakula cha watu hakitapikwi.

Jioni Deusi alirudi amevimba. Alikuwa na simu mkononi. Wale walimu huwa wanapiga picha ili wazazi waone michango imefika. Basi kwenye kundi la wazazi ilikuwepo picha ya uwanja wangu, Rozi ameshika ndoo anatabasamu meno yote, na mlango wangu wa bluu nyuma yake.

"Mama, wateja wananiuliza kama mama yangu anakula msaada. Mmoja ameniambia leo halipi nauli, nimchukulie kama mchango."

"Umemjibu nini?"

"Nimemshusha."

"Vizuri."

"Siyo vizuri, mama. Jumamosi ijayo napeleka gunia zima la mahindi shuleni. Mchana. Na wapige picha na mimi nimelibeba."

Nikamwambia anyamaze, Jumatatu nitakwenda mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na nilidhani hasira ile ni ya haki.

Jumatatu nikafika shuleni wakati wa uji. Nyie mlikuwepo mnapakua, mnakumbuka nilisimama pembeni sikuwasalimu vizuri. Nikamwita Baraka na wenzake wa klabu. Nikawauliza nani aliwatuma kwangu.

"Hakuna, bibi," akasema Baraka. "Tuliangalia moshi. Jumatano haupo, Alhamisi haupo, Ijumaa haupo. Tukasema masikini Bibi Mwiko, tangu astaafu hapiki."

"Kwangu tuna gesi."

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. "Gesi! Tumepeleka ndoo kwenye gesi!" Na mimi nilikuwa karibu kucheka, nawaambia kweli. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, ningewaandikia mistari miwili.

Ila kalikuwepo kasichana kamoja hakakucheka. Kabula, darasa la tano, mjukuu wa Mama Wande. Mama yake alikwenda machimboni kutafuta, na amemwachia bibi yeye na mdogo wake. Kabula alikuwa anafuta kikombe chake na kidole, ndani, pembeni, chini, analamba, anafuta tena. Mtoto aliyekula kwao hafuti kikombe hivyo. Nikamsogelea, na pua yangu ikafanya kazi yake yenyewe. Sweta lake lilinuka moshi, moshi mzito wa magunzi. Pua ikaniambia mpite. Macho yakakataa.

Nikampeleka pembeni penye bomba.

"Kabula, na wewe ulikuja kwangu Jumamosi?"

"Nilishika ndoo upande mmoja, bibi."

"Mlipita mlangoni kwenu."

"Ndiyo."

"Kwenu mmekula nini jana?"

Akafungua bomba, akafunga.

"Mbona naona moshi kwenu kila siku? Asubuhi na jioni."

"Upo, bibi. Tunachemsha maji."

"Maji ya nini?"

"Ya moshi."

Sikuelewa, au nilielewa nikataka nisielewe. Akaona nimekodoa macho, akanieleza polepole kama vile mimi ndiye mtoto. "Bibi anasema tukiwasha moto watu hawatuulizi. Tunaweka magunzi na majani mabichi kidogo, ndiyo unapanda juu. Sufuria tunaweka maji na mfuniko."

"Na hukuwaambia wenzako? Hukumwambia mwalimu? Umebeba ndoo ya unga unapita kwenu?"

"Wewe si ulisema wenye moshi tuwapite?"

Hakusema kwa ubaya. Hicho ndicho kilichoniua. Alinijibu kama mtoto anayejibu swali la darasani, na jibu lilikuwa la kwangu.

Nilimpakulia mwenyewe uji mwingine, mliniona, mkadhani nimewaingilia kazi. Nikamwambia anywe taratibu. Nilihesabu moyoni nikaacha kuhesabu. Mwaka wangu wa mwisho jikoni Kabula alikuwa darasa la nne, alipita mbele yangu kila asubuhi, na kila asubuhi nilimnusa nikaacha upawa juu. Wasio na moshi nikawaongezea. Yule aliyekuwa na moshi tu, na hana kingine, nilimpita.

Na jambo baya kuliko hilo ni kwamba ule ujanja niliujua. Mwaka wa njaa, Kasansa, mama yangu alichemsha maji matupu ili mashemeji wasimcheke. Nililala karibu na sufuria ile nikisikiliza. Nimejua toka utotoni kwamba moshi unaweza kuwa uongo, na nikawafundisha watoto wa watu kwamba moshi ni kweli. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nimeshiba muda mrefu.

Kurudi nyumbani nikapitia kwa Mama Wande. Amepungua. Ile sauti ya kuita ng'ombe imekuwa ya kuita kifaranga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, moto unafuka, sufuria imefunikwa.

"Karibu, jirani. Umenikuta napika."

"Starehe, dada. Usisimame."

Nikakaa. Mfuniko ulikuwa unagonga. Nyie ni wapishi, mtanielewa: sufuria yenye kitu ndani inaguna, inajivuta, inatema povu pembeni. Maji matupu yanagonga mfuniko kwa haraka, mepesi, tatatata, kama mtu anayepiga meno kwa baridi. Tulikaa tukizungumza habari za mvua na za magoti yetu, na muda wote maji yale yalikuwa yananisema.

"Na wewe kwako mnapika nini leo?" akaniuliza.

"Bado sijui. Rozi anajua."

"Kwenye ile chupa ya moto."

"Ndiyo."

"Inapika mpaka inaiva?"

"Inaiva, dada."

"Haya. Dunia imekwenda. Zamani ukikosa moto ulikuja hapa na kigae, unatetemeka kama umetumwa kwa mfalme. Sasa hakuna anayeomba moto. Nauwasha tu, unanitazama, nautazama."

Nilitaka kusema, dada, najua hicho kilichomo humo. Mdomo ulikataa. Ningesema, ningemvua nguo pale uwanjani kwake, na Kabula angechapwa kwa kutoboa siri. Nikaaga. Akanisindikiza mpaka njiani, kwa adabu, mtu mwenye njaa akimsindikiza aliyeshiba.

Sikwenda nyumbani, nikarudi shuleni nikamwambia Mwalimu Tumaini, yeye peke yake. Machozi yakamlenga, ni mwepesi wa kulia. Akasema Jumamosi klabu yote itakwenda kwa Mama Wande, na ndoo mbili, na wimbo. Nikamkataza. Nikamwambia wimbo ule ungemzika. Akauliza, "Sasa bibi, tusimsaidie?" Nikamwambia, "Msaidieni, lakini siyo kwa kumwonyesha. Niachie mimi kwanza." Na nyie nawaambia nilichomwambia yeye kuhusu watoto: wasihesabu moshi tena. Watoto waende kwenye nyumba za wazee bila ndoo, wapige hodi, wakae. Waombe hadithi, wachambue mboga, wakae mpaka sufuria ifunuliwe. Mtoto ana nafasi ya kukaa hata mahali ambapo mtu mzima anaaibika. Halafu ndiyo ndoo ijue njia yake. Na jikoni, pua mnaweza kuitumia, mimi sijaifukuza. Ila mtazame na kidole kinavyofuta kikombe.

Jioni ile ile nilifika kwangu nikakuta Deusi amelileta gunia lake la mahindi, ameliegemeza kwenye mlango wa bluu, anangoja Jumamosi. Rozi alikuwa anakaribia kuwasha gesi. Wajukuu wamekaa kwenye mafiga yangu. Wote wakanitazama nilivyosimama bila kuvua viatu, na Deusi akaanza, "Mama, nimeongea na mwalimu mkuu, amesema mpiga picha..."

Nikamkata. Nikatoa amri, na mpaka leo nyumba yangu inaifuata, wakinuna wasinune:

"Deusi, hilo gunia liingize ndani, haliendi shuleni na hakuna picha. Nyie watoto, ondokeni kwenye mafiga, yarudisheni mahali pake. Rozi, funga hiyo gesi, chukua kigae, nenda kwa Mama Wande ukaombe moto. Usimwambie gesi imeisha, usimdanganye, sema mama anataka moto wako. Ukirudi pika, na bakuli la kwanza, lile kubwa la wageni, ulijaze, lirudi moto ulikotoka kabla mtu yeyote humu hajanawa mikono. Akisema chumvi imepungua, kesho uongeze. Kesho anakwenda Deusi, keshokutwa watoto, na kila siku hivyo hivyo. Nikiona kiberiti ndani ya nyumba hii, aliyekileta atakipika akile. Na mkifika pale mlangoni pigeni hodi kama watu wanaoomba."